Upasuaji wa Tumbo kwa Matundu: Mbinu Ipi Hubadilisha Matokeo, na Ipi Haibadilishi

Mgonjwa akiulizwa kwa nini anataka kupasuliwa kwa kamera badala ya kufunguliwa tumbo, atajibu kwamba kidonda ni kidogo, maumivu ni machache na hospitalini hakai sana. Yuko sahihi, na tafiti za zaidi ya miaka 30 zinamuunga mkono. Lakini faida zote hizo tatu zinatoka mahali pamoja: ukuta wa tumbo. Misuli haikukatwa, ngozi haikupasuliwa kwa urefu wa kiganja, kwa hiyo mtu anapumua vizuri, anakohoa bila kujishika tumbo na anasimama mapema. Ndani ya tumbo kazi haijabadilika. Kifuko cha nyongo kinabanduliwa kutoka kwenye ini lile lile, utumbo unaungwa kwa kanuni zile zile za damu ya kutosha na mshono usiovutika.

Ndiyo maana kuuliza "laparoskopi (yaani upasuaji wa kamera kupitia matundu) au kufungua?" hakutufikishi mbali. Tangu Kurt Semm alipotoa kidole tumbo kwa laparoskopi mwaka 1980, na Erich Mühe kifuko cha nyongo mwaka 1985, wote wawili nchini Ujerumani, hatari za upasuaji huu zimejikusanya kwenye hatua chache zinazojulikana: kuingia tumboni, kutambua kilicho mbele ya kamera kabla ya kukikata, kutumia joto, na kufunga. Anayelinganisha mbinu bila kutazama hatua hizo analinganisha majina tu.

Dakika za kwanza

Karibu nusu ya majeraha makubwa ya laparoskopi hutokea kabla upasuaji wenyewe haujaanza, wakati wa kupenya ukuta wa tumbo. Kwa jumla ni machache, takriban mgonjwa 1 kati ya 1000, lakini yanapotokea yanaumiza aorta (mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni), ateri za nyonga au utumbo. Kwa mtu mwembamba, aorta iko sentimita chache tu chini ya kitovu, na inagawanyika karibu na usawa huo huo.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni sindano ya Veress, ambayo mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya kuingiza hewa kifuani kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ncha yake butu inasukumwa na springi na huchomoza mara tu ukinzani unapoisha. Ya pili ni ya wazi, iliyoelezwa na Hasson mwaka 1971: unakata ngozi, unainua utando mgumu wa ukuta, unaufungua kwa macho, unaingiza kidole au kifaa butu, kisha unafunga trokari, bomba la kupitishia kamera na vifaa, kwa nyuzi ili gesi isivuje. Ya tatu ni kupitisha trokari moja kwa moja, yenye kamera ndani yake au isiyo nayo, bila kujaza gesi kwanza.

Kila shule ya upasuaji inaitetea njia yake kwa nguvu. Ushahidi uliokusanywa hauonyeshi kwamba yoyote kati ya hizo tatu inapunguza majeraha ya mishipa mikubwa au ya utumbo kuliko nyingine. Tofauti inayoonekana ni kwamba sindano ya Veress hushindwa kufika ndani mara nyingi zaidi, na gesi huishia kwenye mafuta yaliyo mbele ya utando wa ndani. Kwa hiyo aliyefundishwa sindano na anaijua vizuri hana sababu ya kulazimishwa kuiacha. Ana sababu kubwa ya kuzingatia mambo yafuatayo.

Mgonjwa alale sawa, kitanda kisiinamishwe. Wengi huteremsha kichwa mapema ili utumbo usogee, wakasahau kwamba mwinamo huo huo unageuza uti wa mgongo na kuileta mishipa mikubwa kwenye njia ya sindano. Kwa mtu mwembamba sindano ielekezwe kwenye nyonga kwa nyuzi 45. Kwa mtu mnene kitovu kimeshuka na ukuta ni mzito, hivyo pembe inakaribia 90. Ikishaingia, isichezeshwe huku na huko "kuhakikisha iko huru". Tundu la milimita 1.6 kwenye utumbo au mshipa linaweza kuchanika hadi kufikia sentimita 1 kwa mchezo huo. Majaribio ya kunyonya na ya tone la maji yana thamani ndogo kuliko namba ya kwanza inayoonekana kwenye mashine ya gesi: shinikizo la mwanzo likiwa chini ya milimita 10 za zebaki, na gesi ikiingia bila kizuizi, umefika. Likianza na 15 au 20, chomoa. Mara mbili zikishindikana, badilisha mahali au fungua kwa njia ya Hasson. Jaribio la tatu na la nne pale pale ndipo matatizo huongezeka.

Kwa mwenye kovu la katikati ya tumbo, kitovu kisiwe mlango wa kwanza, kwa kuwa utumbo mara nyingi umeshikamana na kovu hilo. Sehemu ya Palmer, sentimita 3 chini ya mbavu za kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega), huwa haina mshikamano. Masharti yake ni kwamba tumbo la chakula limetolewa hewa kwa mpira wa puani, na wengu na ini havijavimba. Kamera ikiingia, kabla ya jambo lolote lingine, itazame moja kwa moja chini ya pale ilipopita.

Gesi

Shinikizo la kawaida la kufanyia kazi ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Kushusha hadi 8 au 10 hupunguza maumivu ya bega baada ya upasuaji, yale yanayotokana na kiwambo (msuli wa kupumulia kati ya kifua na tumbo) kuvutwa na kusumbuliwa na kaboni dioksidi, lakini nafasi ya kuona inapungua. Msimamo wangu ni kuanza na shinikizo la kawaida wakati wa kuweka matundu, kisha kushusha polepole hadi pale picha inapoanza kuharibika, na kurudi nusu hatua. Kufanya kazi bila kuona vizuri ili tu kutaja namba ndogo ni kumwongezea mgonjwa hatari ndani kwa ajili ya nafuu ya bega.

Daktari wa usingizi anahitaji kusikilizwa hapa kuliko hatua nyingine yoyote. Mapigo ya moyo yakishuka ghafla gesi inapoanza kuingia, utando wa tumbo umenyooshwa kwa kasi na neva ya vagasi imeitikia: achia gesi kwanza, atropini ifuate. Kaboni dioksidi kwenye hewa anayotoa mgonjwa ikianguka ghafla pamoja na shinikizo la damu, fikiria kiputo cha gesi kimeingia kwenye mshipa; zima gesi, toa iliyomo, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini.

Kifuko cha nyongo

Hapa ndipo laparoskopi ilipata sifa yake na ndipo ilipoleta madhara yake makubwa. Kwa upasuaji wa kufungua, jeraha la mrija mkuu wa nyongo lilitokea kwa takriban asilimia 0.1 hadi 0.2 ya wagonjwa. Laparoskopi ilipoenea, kiwango kilipanda, na takwimu nyingi zinakiweka kati ya asilimia 0.3 na 0.5. Namba inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba mgonjwa aliyekuja kutolewa mawe anaweza kuishia kufanyiwa upasuaji mkubwa wa kuunga mrija wake na utumbo, homa za mara kwa mara, na wakati mwingine ini kuharibika.

Chanzo ni jicho, mara chache sana mkono. Uchambuzi wa majeraha 252 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba karibu yote, asilimia 97, yalianza kwa daktari kuuona mrija mkuu akaamini ni mrija wa kifuko. Na kuna jambo la kiufundi linaloumba udanganyifu huo: namna shingo ya kifuko inavyovutwa. Kilele cha kifuko kinasukumwa juu kuelekea bega la kulia. Hilo wengi hulifanya sawa. Shingo inapaswa kuvutwa nje na chini, upande wa kulia wa mgonjwa, ili pembe kati ya mrija wa kifuko na mrija mkuu ifunguke. Shingo ikivutwa juu pamoja na kilele, mirija yote miwili inalala kwenye mstari mmoja na kuonekana kama mrija mmoja mrefu unaoingia kwenye kifuko. Klipu ya kwanza, kibanio kidogo cha kufunga mrija kabla ya kuukata, inakaa kwenye mrija mkuu, na hakuna anayeshtuka.

Daktari wa upasuaji Strasberg na wenzake mwaka 1995 waliweka masharti matatu ya kutambua mirija kwa usalama, na yote yatimie kabla ya klipu yoyote. Pembetatu iliyo kati ya mrija wa kifuko, mrija wa ini na ukingo wa ini iwe imesafishwa mafuta na nyuzi, mbele na nyuma. Theluthi ya chini ya kifuko iwe imebanduliwa kutoka kwenye kitanda chake ili ini lionekane kupitia uwazi. Vitu viwili, na viwili tu, vionekane vikiingia kwenye kifuko. Sharti linaloachwa mara nyingi ni la pili, kwa sababu linachukua muda na kutoka damu kidogo. Ukiangalia picha za video ambapo daktari anasema masharti yametimia, mara nyingi utakachokiona ni dirisha dogo lenye vitu viwili ndani yake, na huo ni mwanzo tu wa kazi.

Alama za kujielekeza zipo. Mfereji wa Rouvière, ufa wa asili unaoonekana kwenye maini mengi upande wa kulia chini, una faida kwa sababu hausogei kwa uvimbe. Chora mstari wa kufikirika kutoka juu ya mfereji huo hadi chini ya kipande cha nne cha ini. Kata juu ya mstari, usishuke chini yake. Picha ya eksirei ya mirija wakati wa upasuaji, au rangi ya kijani ya indosianini inayong'aa kwa mwanga maalumu, husaidia kutambua mirija. Hata hivyo rangi haipenyi tishu nene iliyovimba, yaani inafifia pale hasa inapohitajika zaidi.

Kuhusu wakati wa kufanya upasuaji kwa kifuko chenye uvimbe mkali, jibu limeshapatikana. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 618, lililinganisha upasuaji ndani ya saa 24 baada ya kulazwa na ule ulioahirishwa kwa wiki kadhaa huku mgonjwa akipewa antibiotiki. Matatizo yalikuwa asilimia 11.8 dhidi ya 34.4. Siku za mwanzo tishu zimejaa maji na zinaachana kwa urahisi. Zikipita wiki, kovu linaanza kuganda na pembetatu inafungwa.

Na pale masharti matatu yanapokataa kutimia, daktari anayejali anajua kuacha. Kutoa sehemu tu ya kifuko ndiyo njia inayookoa mirija mingi: fungua kifuko, toa mawe yote, kata ukuta wa mbele, acha shingo. Baada ya hapo kuna namna mbili. Ukiacha mdomo wazi bila kuunda kifuko kipya, nyongo huvuja mara nyingi zaidi siku za kwanza, kwa hiyo mpira wa kutolea majimaji ni lazima, na wengine watahitaji endoskopi ya kuweka bomba kwenye mrija. Ukishona na kubakiza kifuko kidogo, uvujaji hupungua lakini mawe yanaweza kurudi miaka ijayo. Kwangu mimi, uvujaji unaotibika ni afadhali. Kugeukia kufungua tumbo nako ni halali, ingawa pana jambo linalohitaji kusemwa wazi: kizazi cha madaktari waliofundishwa laparoskopi tu kina uzoefu mdogo wa kifuko kigumu kwa njia ya wazi, na kufungua peke yake hakuondoi kovu lililofunga pembetatu.

Kidole tumbo

Laparoskopi inapunguza usaha wa kidonda na maumivu, na inafupisha siku za kulazwa. Upande wa pili wa mizani, uchambuzi wa tafiti kwa watu wazima umeonyesha majipu ya ndani ya tumbo kuwa mengi zaidi kuliko kwa upasuaji wa wazi. Sehemu ya sababu iko mikononi mwetu. Kidole tumbo kilichopasuka kinapooshwa kwa lita kadhaa za maji, usaha uliokuwa umekaa sehemu moja unasambazwa chini ya ini na kwenye nyonga, na maji yote hayarudi. Majaribio yaliyolinganisha kuosha na kunyonya pekee hayakuonyesha faida ya kuosha. Nyonya usaha ulipo, sehemu kwa sehemu, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimeinuliwa, na utoe kidole ndani ya mfuko ili kisiguse ukuta.

Shina likiwa zima, vitanzi viwili vya uzi vinatosha, na kimoja cha tatu upande unaotolewa. Stepla, kifaa kinachobana kwa pini na kukata kwa pamoja, inagharimu zaidi na inastahili kutumika pale shina lenyewe limeoza au ukuta wa utumbo mpana umevimba. Kosa linalojirudia ni kubakiza kisiki kirefu: kikizidi milimita 5, uvimbe unaweza kurudi ndani yake, na mgonjwa mwenye historia ya kutolewa kidole tumbo huchelewa kugunduliwa. Ili kufika kwenye shina halisi, fuata mikanda mitatu ya misuli ya utumbo mpana mpaka inapokutana. Mahali hapo hapadanganyi.

Ngiri ya kinena

Mbinu mbili za kamera, ile inayopitia ndani ya tumbo na ile inayobaki kwenye nafasi iliyo mbele ya utando, zina matokeo yanayokaribiana sana. Mjadala kati yake umekula muda mwingi kuliko unavyostahili. Inayopitia tumboni ni rahisi kujifunza, na inaruhusu kuutazama upande wa pili na kuukagua utumbo ulionaswa. Isiyoingia tumboni haihitaji kushona utando. Tofauti kubwa iko kati ya zote mbili na upasuaji wa Lichtenstein, ambao huweka wavu wa kuziba tundu kwa njia ya wazi: kwa kamera maumivu ya muda mrefu ni machache na watu hurudi kazini mapema, ikiwa aliyefanya ameshavuka kipindi cha kujifunza. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inakitaja kipindi hicho kuwa kati ya upasuaji 50 na 100.

Umuhimu wa sharti hilo ulionekana mwaka 2004. Katika jaribio kubwa la hospitali za maveterani wa Marekani, ngiri zilirudi kwa asilimia 10.1 kwa laparoskopi dhidi ya 4.9 kwa njia ya wazi baada ya miaka 2. Kwa madaktari waliokuwa wameshafanya zaidi ya 250, kiwango cha kurudi kwa laparoskopi kilikuwa takriban nusu ya kile cha wenzao. Mbinu ilikuwa moja, matokeo mawili.

Ngiri inayorudi baada ya kamera huwa na sababu ya kimwili. Wavu ulikuwa mdogo, chini ya sentimita 10 kwa 15. Au nafasi haikufunguliwa vya kutosha: upande wa ndani lazima uvuke mstari wa katikati, upande wa chini upite kano ya Cooper, iliyo juu ya mfupa wa kinena, kwa takriban sentimita 2, na utando uvutwe nyuma mpaka uachane kabisa na mshipa wa manii na mishipa ya korodani. Au donge la mafuta liliachwa kwenye mfereji, likaonekana baadaye kama ngiri. Au gesi ilitolewa bila kutazama, utando ukarudi chini ya ukingo wa wavu na kuukunja. Toa gesi polepole huku kamera ikiwa ndani, ukingo wa chini wa wavu ukiwa umeshikwa.

Pini za kubana zisiwekwe kamwe chini ya mkanda wa fupanyonga upande wa nje: huko kuna neva za paja, na maumivu yake hayasikii dawa za kawaida. Kati ya mshipa wa manii na mishipa ya korodani zinalala ateri na vena kubwa za mguu. Kwa ngiri nyingi wavu hauhitaji kubanwa popote. Tundu kubwa la ngiri iliyotokea moja kwa moja kwenye ukuta, upande wa ndani, ndilo linalohitaji.

Saratani: pale ambapo tundu dogo halitoshi kuwa hoja

Miaka ya 1990 kulikuwa na hofu kwamba seli za saratani zinapandwa kwenye matundu. Jaribio la COST la mwaka 2004, lenye wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, lilituliza hofu hiyo: baada ya miaka 3 saratani ilirudi kwa asilimia 16 kwa laparoskopi na 18 kwa wazi. Mgonjwa 1 kati ya 5 aligeuziwa kuwa wa wazi, na bado alihesabiwa kwenye kundi la laparoskopi, kama inavyotakiwa. Ripoti yoyote inayowahamisha waliogeuziwa kwenda kundi la pili inairemba laparoskopi, kwa kuwa wagonjwa hao ndio wagumu.

Kwa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, picha ina mawingu zaidi. Jaribio la COLOR II, mwaka 2015, lilipata saratani kurudi kwenye nyonga kwa asilimia 5 pande zote mbili. Mwaka huo huo majaribio mawili, moja la Marekani na Kanada na jingine la Australia na New Zealand, yalishindwa kuthibitisha kwamba kipande kinachotolewa kwa laparoskopi kina ubora usiopungua ule wa wazi. Nyonga nyembamba ya mwanaume mnene, uvimbe ulio chini sana: hapo vifaa virefu visivyopinda vinafika mwisho wa uwezo wake. Roboti ilitarajiwa kulitatua hilo, lakini katika jaribio la ROLARR la mwaka 2017 kugeuzwa kuwa wazi kulikuwa asilimia 8.1 dhidi ya 12.2 za laparoskopi ya kawaida, tofauti isiyotosha kuthibitisha faida.

Kisha likaja jaribio la mwaka 2018 la saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo. Wanawake waliobaki bila ugonjwa baada ya miaka 4.5 walikuwa asilimia 86 kwa laparoskopi au roboti, dhidi ya 96.5 kwa njia ya wazi. Sababu zinazoshukiwa ni kifaa cha kusukumia mji wa mimba na uke kufunguliwa ndani ya mzunguko wa gesi. Matokeo hayo yalibadilisha utendaji duniani, na yanapaswa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba kilichothibitishwa kwa kiungo kimoja kinatosha kwa kingine.

Joto, kufunga, na siku ya tatu

Diatemia ya ncha moja, yaani umeme wa kukatia na kuzuia damu, inaunguza mahali usipopaona: kwenye ufa wa mpira wa kifaa, au kifaa kikigusa chuma kingine nje ya picha. Kifaa ambacho ncha yake nzima haionekani, kikatie umeme. Kifaa cha kukatia kwa mawimbi ya sauti kinabaki na moto mkali sekunde kadhaa baada ya kuachiliwa. Kuinulia utumbo kwa taya zake wakati huo ni kuuchoma.

Tundu la milimita 10 au zaidi lifungwe utando wake mgumu, hasa kwenye kitovu. Upasuaji wa tundu moja tu kitovuni huacha kovu lisiloonekana, lakini ngiri za kovu huongezeka. Kwa faida ya sura pekee, mimi siuoni kuwa biashara nzuri kwa mgonjwa. Kipande kikubwa cha utumbo kikitolewa, mkato wa mlalo juu ya kinena huleta ngiri chache kuliko mkato wa katikati.

Mgonjwa wa laparoskopi anatakiwa kuwa na nafuu zaidi kila asubuhi. Anayeongezewa dawa za maumivu siku ya pili, au anayelalamikia tundu moja kuliko mengine, ambaye tumbo linajaa na anaharisha kidogo, achunguzwe kwa kutobolewa kwa utumbo hata kama tumbo halijakakamaa na chembe nyeupe za damu zimeshuka badala ya kupanda. Jeraha la joto hujitokeza baada ya siku kadhaa, mara nyingi mtu akiwa nyumbani, kwa hiyo karatasi ya ruhusa iandike dalili hizo na namba ya simu inayopokelewa usiku. Akirudi, apigwe picha ya CT siku hiyo hiyo. Gesi ya kaboni dioksidi hufyonzwa upesi, kwa hiyo hewa nyingi inayoonekana tumboni siku ya tatu isipewe jina la mabaki ya upasuaji. Na picha isipotoa jibu huku mgonjwa akizidi kuumwa, kamera irudishwe ndani kabla ya kesho yake.